Saa ya Bi Edmée

Geneva, 7 Oktoba 1996

Kwa Shangazi Bluette,

Shikamoo shangazi. Habari za huko mlimani, na lile goti linasemaje? Nasikia theluji ya kwanza imeshawatembelea. Huku kwetu ni mvua na ukungu wa ziwani, basi. Mimi mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, fulana za sufu ulizonifumia navaa.

Najua wewe na simu hamuelewani, kwa hiyo naandika, tena naandika kwa shida yangu. Kwenye kisanduku hiki mna saa ya mkononi ya dhahabu, ya mwaka hamsini na nne. Keti kwanza ndipo ufungue. Tangu nianze kazi dukani kwa Bwana Delarze nimeshika saa kuukuu nyingi, lakini hii ilininyamazisha. Haina tarehe, haina mshale wa sekunde, haina makeke. Uso wake ulikuwa mweupe zamani, sasa umekuwa rangi ya siagi. Unene wake, ukiiweka juu ya meza, utadhani ni sarafu mbili zimelaliana.

Wateja wetu wa siku hizi, wa Milano, wa Tokyo, wanazimezea mate saa za namna hii. Juzi alikuja kijana wa benki na lisaa lake la chuma, kubwa kama kifuniko cha mtungi, la kuzamia baharini, na mwenyewe kuogelea hajui. Akalivua, akavaa moja ya hizi zetu, akashusha mkono wa shati, ikapotea. Akatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha peremende. Na ajabu yake, wanataka ziwe na makovu yake yote. Ukizing'arisha tu, hawazitaki tena.

Hii lakini haiuzwi. Mwenyewe ni mjane wa Nyon, Bi Edmée Chappuis, nayo ilikuwa ya marehemu mumewe. Sikio moja la kushikia mkanda limepata ufa. Mafundi wa hapa watalilehemu liache baka jeusi. Nikamwambia Bwana Delarze, dhahabu nyekundu ya siku zile anaiweza mtu mmoja tu, naye ndiye aliyenilea. Akakubali.

Tengeneza sikio hilo tu, shangazi. Mengine yaache yalivyo, usijichoshe.

Mwanao,
Yvan


La Chaux-de-Fonds, 18 Oktoba 1996

Mwanangu Yvan,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri theluji kuliko redio. Kwa jumla sijambo, isipokuwa jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta na Mungu hajampa kipaji. Wewe unasema unakula. Unakula nini? Ukija Noeli na yale mashavu ya mwaka jana, nitakulisha kwa nguvu kama bata.

Saa imefika salama. Nilipofungua nikajikuta nasema peke yangu jikoni, "Ala! Kumbe mpo bado?" Dhahabu ya siku zile waliitia shaba kwa wingi, ikawa na wekundu wa shavu la mtu aliyetoka baridini. Nimesugua za namna hii sijui ngapi kabla hujazaliwa, sisi wanawake mstari mmoja dirishani, na jioni tunakung'uta aproni zetu juu ya sinia ili tajiri asipoteze hata chembe. Zikichakaa aproni, zinachomwa na majivu yanachujwa. Tulishinda na dhahabu kutwa kucha na hakuna hata mmoja wetu aliyeivaa. Mume wangu Fernand, Mungu amrehemu, alikuwa nayo moja, ya harusini na mazikoni, na hata huko aliificha chini ya shati. Mwambie huyo kijana wako wa benki kwamba alichokigundua leo, wakamua ng'ombe wa huku walikijua zamani. Saa ya dhahabu si ya kuonyesha watu. Ni ya kukaa nayo.

Sikio nimelilehemu. Utafute huo ufa kwa lenzi, ukiuona nitakupa nyumba yangu.

Sasa wewe kijana una mambo. "Mengine yaache, usijichoshe." Unanionea huruma, siyo? Unadhani shangazi kazeeka, mkono hauna nguvu. Yvan, saa haitoki mezani kwa msuguaji na makovu yake, hata siku moja. Ni sawa na kumrudishia jirani sufuria yake bila kuiosha. Bi mkubwa aliyenifundisha kazi alitupiga vidole kwa rula kwa kosa hilo, na alifanya vizuri. Hayo ya wateja kutaka uchafu wa watu wengine ni wazimu wa mjini, na wazimu huja ukaenda.

Kwa hiyo nimeisugua yote, mgongo na mbavu, na senti moja sitaki. Ukingo wa chini ndio ulionitoa jasho. Ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vimekaa pamoja, kama panya ameutafuna. Nilikaa navyo asubuhi mbili, maana ganda ni jembamba na ukiwa na pupa unalitoboa. Vimekwisha vyote, pitisha kidole utaona. Mpe bibi wa watu saa yake, mwambie mng'aro ni zawadi ya Shangazi Bluette.

Nimekuwekea na soseji ya moshi. Usiile mbichi kama mwaka ule.

Shangazi yako


Geneva, 23 Oktoba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nilikwambia usiguse pengine. Niliandika, na ninajua niliandika. Kwa nini hukunisikiliza?

Jana Bi Edmée alipiga simu dukani kuuliza kama saa yake imerudi. Ilikuwa mkononi mwangu, inawaka kama imetoka kiwandani. Nikamwambia imerudi. Akauliza, "Na uliyaona meno ya mwanangu?" Nikasema, meno gani mama? Akacheka kidogo, akaniambia. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Rémi. Alipokuwa anaota meno, hakuna kitu kilichomtuliza isipokuwa kukaa mapajani kwa baba yake akiitafuna ile saa. Baba alimwachia. Mama alikuwa akipiga kelele, jamani dhahabu hiyo, na baba anasema acha ale, ndiyo urithi wake. Mtoto akafa kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajafikisha miaka mitatu. Picha zake ni chache, na zote alitikisika, uso hauonekani. Mama huyu amekuwa akipitisha kidole gumba kwenye ule ukingo kila siku ya Mungu, karibu miaka arobaini. Alitaka sikio lishikwe ili aivae mwenyewe, asiidondoshe.

Vishimo vya panya, shangazi. Hivyo ndivyo ulivyoviita.

Akaniuliza tena, "Uliyaona?" Nikasema, "Niliyaona, mama."

Sijui nitafanyaje. Nimemwambia mkanda bado haujafika.

Yvan


La Chaux-de-Fonds, 25 Oktoba 1996

Mwanangu,

Salamu zangu ni hizihizi za machozi, zipokee.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Mara ya kwanza nilikasirika, nisikufiche. Nikasema kweli asante ya punda mateke, mtu namfanyia kazi bure ananifokea kama mtumishi. Kisha nikafika pale pa "acha ale, ndiyo urithi wake," hasira ikazimika.

Unajua nilifanya nini? Nilitoa ile ngozi ya mapajani inayodaka vumbi la kazi, nikaikung'uta juu ya gazeti, nikaanza kuchambua lile vumbi kwa kidole. Natafuta nini, mimi mwanamke wa miaka sabini? Mtoto wa watu nimemgeuza vumbi na vumbi lenyewe limechanganyika na la vitu vingine. Jirani wa tarumbeta aliteremka kuuliza kama naumwa.

Mimi na Fernand hatukujaliwa. Kaka yangu alipokufa akakuacha na meno mawili, wewe ndiye uliyetafuna vijiko vyangu, ukatafuna mguu wa kiti, na kile kiti sijakitupa mpaka leo. Halafu mimi huyohuyo nikashika alama za meno, nikaziona kwa lenzi, asubuhi mbili nzima, na sikuzijua! Niliona kazi chafu tu, nikataka iwe safi.

Hukunikosea kunifokea. Ungenifokea zaidi.

Nitashuka Nyon nimwambie mwenyewe. Nipe anwani yake. Usimpe saa kabla sijafika, wala usimwambie kitu kwa simu. Jambo kama hili linasemwa macho kwa macho.

Shangazi


Geneva, 30 Oktoba 1996

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe ile barua. Niliiandika damu imechemka. Sikupaswa kukusemesha vile, wewe uliyenifuta kamasi. Natumaini umelala usingizi siku mbili hizi. Mimi sijalala vizuri.

Nakuomba usije. Bwana Delarze nilimwambia, nilishindwa kumficha. Kwanza aligeuka rangi. Akasema mjane yule ana shemeji wakili, na duka letu linaishi kwa jina, habari ikizagaa kwamba tunasugua saa za watu bila ruhusa tumekwisha sote. Na wa kwanza kumwaga unga ni mimi, kwa sababu ni mimi niliyeituma kwako.

Halafu akatuliza sauti, akasema kuna njia. Shangazi, nisikilize mpaka mwisho. Wewe ulikaa na vile vishimo asubuhi mbili. Mikono yako inakumbuka kila kimoja kilikaa wapi, kina chake, kimeelekea wapi. Ni kazi ya muda mfupi kwako. Ukivirudisha palepale, yule mama atapitisha kidole chake atakuta kitu anachokitafuta, na atalala. Ukweli utamsaidia nini? Atampoteza mtoto mara ya pili, na akiwa mzee, na peke yake. Mimi naona hata ni huruma.

Nikuletee saa Jumapili? Nitakuja na keki unayoipenda.

Mwanao Yvan


La Chaux-de-Fonds, 2 Novemba 1996

Yvan,

Marahaba. Mimi nipo. Keki kula mwenyewe.

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, na kwa wema wako wote naona ulipofika "ni huruma" ulikuwa tayari unaisikia sauti ya Delarze kinywani mwako. Huruma ya nani kwa nani? Mimi naona mtu anayeogopa shemeji wakili.

Ndiyo, nakumbuka vilivyokaa. Usiku nikifumba macho naviona. Ningeweza kuvirudisha hata gizani. Na ndiyo sababu sitavirudisha. Mikono hii imekosea na inajua imekosea. Haitakaa kuchonga meno ya marehemu ili mama yake ayapapase na kusema asante. Nikifanya hivyo, nikifa nitamwambia nini yule mtoto?

Wewe unaogopa kufukuzwa kazi. Ogopa, si aibu. Nimekulea na unga wa kukopa, na wewe utapata mwingine. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimekuchelea sana, naona sasa.

Nenda Nyon ukaseme. Sema ni mimi, shangazi mkaidi wa mlimani, asiyesikia. Nitupie lawama yote, mabega yangu mapana. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na hilo si tishio, ni habari.

Anwani hukuniandikia. Nimeona.

Shangazi


Geneva, 9 Desemba 1996

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya mwezi mzima, duka lina pirikapirika za sikukuu. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Jirani bado anapuliza?

Jambo la Bi Edmée limekwisha, usilifikirie tena. Alama zilirudishwa hapahapa Geneva, vizuri sana, na wiki iliyopita nilimpelekea saa mwenyewe. Alivaa miwani, akavua miwani. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, mara mbili. Akanitazama. Kisha akasema, "Asante, kijana wangu. Asante sana." Akanipa kahawa na mkate wa tangawizi. Nilitaka kulia.

Unaona? Ana furaha. Mambo mengine yakiachwa yalivyo yanapona yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu inaweza kufutwa.

Alisifia sana lile sikio ulilolehemu, akataka jina lako na anwani akuandikie shukrani. Sikuwa na namna ya kumkatalia. Kadi ikija, mjibu tu kwamba hakuna shida, yaishe.

Noeli sidhani nitaweza kuja. Bwana Delarze anataka tufungue mpaka siku ya mwisho. Nitakuja mwaka mpya, Mungu akipenda.

Mwanao Yvan


La Chaux-de-Fonds, 20 Januari 1997

Yvan,

Hujambo? Mwaka mpya umefika, wewe hukufika. Sikulaumu. Ulijua ungekuta macho yangu.

Kadi ilikuja siku tatu kabla ya Noeli. Mwandiko wa shule ya zamani, umenyooka kama mistari ya ushonaji. "Kwa Bi Bluette Vuille, aliyenitengenezea sikio. Ukipita Nyon, mlango wangu uko wazi." Nikaiweka juu ya kabati. Kila nikipika inanitazama. Alhamisi iliyopita nikavaa koti la kanisani, nikafunga mkate wa zabibu kavu kwenye kitambaa, nikatia na kijiti changu cha ngozi na ule unga mwekundu wa kung'arishia dhahabu mkobani, wewe unanijua, siendi popote bila vyombo. Nikapanda treni. Njia nzima nilikuwa nasali iharibike.

Ni mwanamke mdogo, mwembamba, mgongo umenyooka, anakutazama hadi ndani. Saa alikuwa ameivaa. Nikasema nisingoje kahawa, nikikaa tu nitakuwa mwoga. Nikamwambia nimesimama, koti sijavua: "Bibi, mimi ndiye niliyefuta meno ya mwanao. Sikujua. Niliyaona machafu nikayasugua."

Akasema, "Najua."

Nikasema, unajuaje? Akavua saa, akanishika mkono, akakivuta kidole changu gumba, akakipitisha kwenye ukingo. "Unasikia? Inakwaruza. Ya Rémi hayakuwa yakikwaruza. Nimeyapapasa miaka yote hii, dada yangu, nimeyalainisha kwa ngozi yangu mwenyewe. Siku kijana wako aliponiletea, nilijua kabla hajaondoa mkono."

Mkono wangu uligonga vishimo vile na kweli, Yvan, vilikuwa vikali kama magamba ya samaki. Si kazi ya fundi. Nani aliyefanya kitu kile?

Nikamuuliza, kwa nini basi ulimwambia asante? Akasema, "Alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka kama mtoto aliyevunja sahani. Ningemwambia nini? Nilifikiri atarudi kesho yake aniambie ukweli. Nimemngoja mwezi na nusu."

Hapo nikaketi. Tukalia, mimi kwanza. Kisha akakata mkate wangu, akasema hauna zabibu za kutosha, na ni kweli. Akaniambia habari za mtoto, jinsi alivyokuwa akimwita baba yake kwa jina la ukoo kama karani wa posta, na mimi nikamwambia habari za kiti changu ulichokitafuna. Nikamwambia, nigombeze basi, nipe haki yangu. Akatikisa kichwa. "Wewe ulikosea ukidhani unanifanyia wema. Yule alijua. Si kitu kimoja."

Nilipotaka kuaga akaweka saa mezani mbele yangu. "Vyombo unavyo?" Nikasema ninavyo. "Yafute haya. Afadhali ukingo mtupu kuliko meno ya mtu nisiyemjua." Nikasema bibi, nisiguse tena, nimekwishagusa mara moja. Akasema, "Mara hii nimekuomba mimi." Nikayafuta, palepale mezani, kwa mkono, bila mashine, yeye amekaa pembeni anatazama kama mtu anayetazama mgonjwa akifungwa kidonda. Kazi ngumu kuliko hiyo sijawahi kufanya tangu nizaliwe.

Sasa sikiliza. Aliniapisha nisikwambie kwamba anajua. Anataka uende kwa miguu yako, bila kusukumwa. Nami niliapa. Na hapa nimevunja kiapo, maana wewe ndiye mtoto niliyepewa na siwezi kukutazama unaozea ndani ya jambo hili. Lakini nisije nikajenga uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Ukienda, mwambie na hili, kwamba shangazi yako kakwambia. Usijifanye umeamka asubuhi moja mtakatifu.

Usipokwenda, sitakuandikia tena juu ya jambo hili. Wala juu ya jingine, nafikiri.

Shangazi yako, Bluette


Geneva, 3 Machi 1997

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulinihesabia kimya changu vibaya, na ulikuwa na haki. Barua yako niliikunja nikaiweka mfuko wa ndani wa koti, nikatembea nayo wiki kwa wiki kama mtu aliyebeba jiwe. Afya yangu nzuri. Kazi sina. Nilimwambia Bwana Delarze kwamba nakwenda Nyon kusema. Akaniambia nikienda nichukue na koti langu kabisa. Nikalichukua. Usianze kulia, nitapata nyingine.

Nilikwenda Jumamosi. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri kwenye treni, nikayasahau yote mlango ulipofunguliwa. Nikasema nikiwa nje, kofia mkononi, "Mama, nilikudanganya. Alama zile hazikuwa za Rémi."

Akanitazama. "Shangazi yako amekwambia kwamba najua?"

"Amenambia. Na kaniagiza nikwambie kwamba kaniambia."

Akaguna. "Wazee wa mlimani hawafai kuapishwa." Kisha akauliza, "Na ni nani aliyezitoboa?"

Hapa kuna kitu sikukuandikia, shangazi. Uliniuliza na wewe, ni nani aliyefanya kitu kile. Fundi wa dukani alikataa kama ulivyokataa wewe. Hata Bwana Delarze aliishia kuagiza, mikono yake hakuitia. Ni mimi. Nilizitoboa mwenyewe duka limefungwa, kwa msumari na ile nyundo ndogo uliyonipa nilipoanza kazi. Nikikosea nafasi, narudia. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupunguza neno.

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Mwishowe akasema, "Ingia, unaniingizia baridi."

Tukakaa jikoni. Saa ilikuwa mezani, ukingo wake mtupu, nayo imesimama saa nne na dakika fulani za siku nyingine. Akaniambia bila ukali wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Sijakusamehe. Huenda nitakusamehe, huenda sitakusamehe. Nina miaka sabini na tisa na sina haraka."

Nikasema, "Sawa, mama."

Akasema, "Marehemu ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo, kila asubuhi kabla ya kahawa. Mimi vidole vyangu vimekataa, kile kifungo cha kuzungusha ni kidogo mno. Tangu afe imekaa kimya. Tia wewe."

Nikaichukua. Kifungo kiliniponyoka mara mbili, shangazi, mimi niliyetia ufunguo saa za wenye benki wote wa Geneva. Nikazungusha polepole mpaka nikasikia imekaza. Akaipokea, akaiweka sikioni, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, sijui alikuwa anazungumza na nani kati ya wale wawili.

Alipofumbua macho akaniuliza, "Unajua kwamba itasimama kesho jioni?"

"Najua, mama."

Akaisukuma saa katikati ya meza, baina yake na mimi. "Basi mimi kahawa yangu nainywa saa moja ya asubuhi."

Nikamtazama nione kama anatania. Alikuwa tayari anakunja kitambaa cha mezani, hanitazami.

Jana nilikwenda. Leo pia nimekwenda.

Mwanao,
Yvan